Somo la Shambani Lifike Jikoni

Ndugu wananchi wa Morogoro, mlioko Mgeta na Matombo, Kinole na Mkuyuni, na ninyi mlioko mjini chini ya milima ya Uluguru, watoto wanaendeleaje na masomo?

Nimeuliza masomo ya watoto, lakini leo nataka tuzungumze masomo ya wazazi wao. Hapa kwetu wapo watu wazima, wengine wana wajukuu, ambao bado wanasoma. Hawavai sare wala hawapigiwi kengele. Darasa lao ni robo eka ya mahindi au matuta machache ya kabichi, na ubao wao ni karatasi kubwa iliyobandikwa kwenye shina la mti. Tunaliita shamba darasa.

Umewahi kulipita? Pengine uliona watu kumi na tano wameinamia mche mmoja, wanageuza majani na kubishana, ukadhani kuna mgogoro wa mpaka. Walikuwa shuleni.

Shule hiyo ina wenyewe. Serikali ina mkono wake, wafadhili wana mkono wao, na shukrani tunawapa. Lakini nguzo inayoifanya isimame mwaka hadi mwaka ni wakulima wenyewe, kupitia vikundi vyao. Wao ndio wanaotoa kiingilio na ada, wanaotenga kipande cha shamba, wanaopika uji wa siku ya mafunzo, na wanaomkaribisha mgeni kutoka kijiji kingine alale ili kesho aonyeshe anavyofanya kwao.

Tuanze na historia kidogo, maana ni historia ya nyumbani.

Mwaka 1993 wakulima 22 kutoka mikoa ya Morogoro, Iringa, Tanga, Mbeya, Kilimanjaro na Dodoma waliungana, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakaanzisha Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania. Ndiyo hiyo MVIWATA tunayoifahamu, yenye makao makuu hapa hapa Morogoro. Nia yao ya kwanza ilikuwa nyepesi kueleza: mkulima ajifunze kwa mkulima mwenzake. Kaulimbiu yao inasema mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe, nami naongeza kwamba hata mwalimu wake wa kwanza ni mkulima mwenzake.

Ishirini na wawili tu! Leo mtandao huo umeenea nchi nzima. Una jarida lake, Pambazuko, linalobeba sauti ya wakulima. Umeshiriki kujenga masoko vijijini, likiwemo la Tawa na lile la Nyandira kule Mgeta, ili mwenye ndizi au mwenye viazi auze kwenye eneo lake mwenyewe akiwa na wenzake. Na soko nalo ni darasa. Hapo ndipo mkulima anapojifunza bei, uzito na ubora kwa macho yake.

Chuo Kikuu cha Sokoine nacho hakikubaki bondeni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wake, wakishirikiana na wenzao wa Norway, walipeleka mbuzi wa maziwa Mgeta. Miaka ya 1990 mradi wa kuendeleza kilimo cha milima ya Uluguru, UMADEP, ukafanya kazi na vikundi vya wakulima wa huko. Na tangu mwaka 2011 lipo shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, SAT, ambalo kituo chake cha mafunzo kiko Vianzi, na ambalo linafundisha kilimo hai kwa kupitia vikundi hivi hivi.

Wenzetu wa mazao mengine wanafanya hivyo pia. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoanza kazi mwaka 2001 kule Lyamungu, Kilimanjaro, imekuwa ikipata sehemu ya fedha zake kutokana na makato ya mauzo ya kahawa. Maana yake, mkulima anapouza kahawa yake anachangia utafiti wa mche bora utakaopandwa na mwenzake asiyemjua. Jambo hilo halikupi moyo?

Kwa nini nasema habari hizi kwa msisitizo? Kwa sababu milima yetu imewahi kuonja aina nyingine ya elimu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta Uluguru mpango wa kuhifadhi udongo. Nia ya kuzuia mmomonyoko haikuwa mbaya. Lakini somo lilikuja kwa amri: watu walitakiwa kuchimba matuta ya ngazi, wapende wasipende. Katika sehemu nyingi udongo wenye rutuba ni mwembamba, na jembe likichimba chini sana linafukua ule usiozaa. Watu walichoka mgongo na mavuno hawakuyaona. Mwaka 1955 hasira zililipuka Matombo, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango wenyewe ukaachwa.

Na huku yote hayo yakitokea, wakulima wa Mgeta walikuwa na matuta yao ya ngazi tangu zamani, waliyoyatengeneza kwa namna yao, wakifukia magugu ndani ya udongo ili yageuke mbolea. Ujuzi ulikuwepo mlimani. Hakuna aliyeketi na wenyewe kuwauliza.

Leo tunaketi. Mkulima wa Matombo anapofundishwa kingamaji na mkulima wa Mgeta, anamwona mikono yake ina sugu kama yake, anamwuliza maswali magumu bila haya, na akitoka hapo anaamua mwenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ziara za mafunzo ndiyo hayo maneno yakitekelezwa: mgeni anakuja na mbegu ya wazo, mwenyeji anampa wazo lake, wote wawili wanapona.

Basi, ndugu zangu, ikiwa shule tunayo, walimu tunao na njia imekwisha fyekwa, kimebaki nini?

Kimebaki kipande kifupi cha njia, kutoka kikundini mpaka nyumbani.

Hebu tufikirie pamoja. Kikundi kina wanachama ishirini. Kila mwanachama ametoka kwenye nyumba yenye watu sita au saba. Siku ya mafunzo anakwenda mmoja. Akirudi jioni amechoka, anaulizwa, "Mmefundishwa nini?" Anajibu, "Mambo ya kilimo." Taa inazimwa, watu wanalala. Somo lililogharimu nauli, uji na siku nzima ya mtaalamu linalala nalo.

Sasa tuone hasara ya somo lililolala na faida ya somo lililoamka. Nichukue matatu tu.

La kwanza ni karafuu. Huko Matombo, Mkuyuni, Kinole na Tawa mikarafuu imeongezeka, na miche imekuwa ikigawiwa ili tupande zaidi. Mkarafuu hautaki haraka. Unangojewa miaka sita au zaidi ndipo uzae. Baada ya kungoja hivyo, bei inaamuliwa ndani ya siku chache za kuchuma na kukausha. Karafuu huchumwa ikiwa imeanza kuwa nyekundu na kabla haijachanua. Vijiti vyake hutenganishwa. Huanikwa juani juu ya mkeka au turubai safi, ikatandazwa iwe nyembamba, ikageuzwageuzwa. Ukiirundika mbichi usiku kucha, inavuja jasho na kupauka. Ukiianika barabarani, inakusanya mchanga na kila kinachopita.

Sasa nikuulize, nyumbani kwako anayeanika ni nani? Mara nyingi ni mama, ni bibi, ni kijana aliyetoka shule mchana. Na aliyekwenda kwenye mafunzo ya karafuu ni nani? Ni baba. Unaona kile kipande kifupi cha njia?

La pili ni mahindi na karanga. Mwaka 2016 wenzetu wa Dodoma na Manyara walipoteza ndugu zao kwa sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Sumu hii haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupika. Kinga yake ni kukausha vizuri na kuhifadhi vizuri.

Vikundi vinafundisha jaribio ambalo hata mtoto wa darasa la nne analiweza. Chukua chupa ya kioo iliyokauka. Tia mahindi kiasi cha theluthi moja na chumvi kavu kidogo. Funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Chumvi ikianguka chini yote, unaweza kuhifadhi. Ukiwa na mfuko wa kinga njaa, ule wenye plastiki mbili ndani ya kiroba, ukaufunga barabara hewa isiingie, wadudu wanakufa bila dawa yoyote.

Chupa, chumvi na robo saa. Kuna jiko lisilo na vitu hivyo?

La tatu ni dawa za mboga. Kabichi, nyanya na karoti za Mgeta zinaliwa Morogoro na Dar es Salaam. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna, nazo zimeandikwa kwenye kibandiko. Chupa ikiisha dawa haiwi ya maji ya kunywa wala ya mafuta ya taa. Nguo za kunyunyizia hazifuliwi pamoja na nepi za mtoto. Mkulima aliyefundishwa anayajua haya. Je, anayefua anayajua? Kijana wa kibarua aliyepewa bomba la dawa mgongoni anayajua?

Sina wa kumlaumu hapa. Najua hali ilivyo. Siku ya mkulima ni ndefu na mlima hauna huruma kwa miguu. Ninachoomba ni kila mmoja wetu ashike kipande chake kidogo, pale alipo.

Wewe uliyekwenda kwenye mafunzo, nakuomba jambo moja. Usiku huo huo, kabla ya kulala, waambie watu wa nyumbani mambo matatu uliyojifunza. Usihutubie. Wakati ugali unasongwa, eleza moja. Mnapokula, eleza la pili. Mnapoota moto, la tatu. Kama kulikuwa na karatasi, mpe mtoto aisome kwa sauti. Utashangaa. Anayesoma anajifunza, anayesikiliza anajifunza, na wewe uliyeeleza ndiyo somo limekukaa kabisa.

Kisha chagua kitalu kidogo kando ya njia, mahali wapita njia wanapoona, ufanyie hapo ulichofundishwa. Huku kwingine lima ulivyozoea. Watu hawatakuuliza kwa sababu ulisema. Watakuuliza kwa sababu wameona. Na wakiuliza, jibu bila kuficha. Jirani yako akijua kukinga maji shambani kwake kule juu, udongo wake hautakuja kufukia mboga zako huku chini. Kwenye mlima, elimu ya jirani ni kinga ya shamba lako.

Ninyi mama zetu wa Uluguru, nina neno nanyi. Kwa mila zetu ukoo unafuata upande wa mama, na wanawake wengi wana ardhi yao ya ukoo. Basi inakuwaje mwenye shamba akose darasa la shamba? Wengi mtaniambia kwamba mafunzo yanawekwa asubuhi, wakati wa maji, kuni na watoto. Ni kweli. Semeni kikundini saa inayowafaa. Na akina baba na wajomba, siku ya mafunzo ya mama, je, hatuwezi kukaa na watoto na kuteleka sufuria? Mimi naamini tunaweza, na wapo wanaofanya hivyo bila kupungukiwa na heshima yoyote.

Vijana, msikae pembeni. Simu iliyo mfukoni mwako inaweza kuuliza bei ya viazi Nyandira na bei ya viazi mjini siku hiyo hiyo. Inaweza kupiga picha ya jani lenye ugonjwa ikamfikia bibi shamba kabla ugonjwa haujasambaa. Ninyi ndio makatibu wazuri wa vikundi: andikeni mvua ilinyesha lini, tulipanda lini, tulitumia kiasi gani, tulivuna madebe mangapi. Bila daftari, kila mwaka tunaanza upya. Mzee ana kumbukumbu, wewe una kalamu; mkikaa pamoja kikundi kinapata vyote viwili.

Viongozi wa vikundi, mnafanya kazi kubwa na malipo yake mara nyingi ni lawama. Poleni. Hata hivyo, nawaomba mwangalie mlango wa kikundi. Unatosha watu wote? Yule asiyejua kusoma anafundishwaje? Mwenye ulemavu wa miguu anafikaje kwenye shamba lililo juu ya mteremko? Mzee asiyezoea Kiswahili cha wataalamu anapata wa kumweleza kwa Kiluguru? Na yule aliyeshindwa ada msimu huu kwa sababu ya msiba, je, hawezi kusikiliza wakati anajipanga? Ada ni muhimu, bila ada hakuna uji wala nauli. Lakini somo halipungui kwa kusikilizwa na mtu mmoja zaidi.

Lipeni ada kwa wakati, ndugu wanachama, na wekeni hadharani mapato na matumizi. Kikundi chenye daftari wazi kinadumu. Mradi una mwisho wake. Mfadhili siku moja atafunga mizigo yake aende. Elimu inayolipiwa na wenyewe, hata kama ni kwa fedha kidogo, ndiyo itakayobaki.

Walimu wa shule za msingi na sekondari, bustani ya shule yako ina hali gani? Naomba iwe shamba darasa dogo. Mwalike mkulima hodari wa kijiji aje siku moja kwa muhula aeleze kazi yake mbele ya wanafunzi. Mtoto akimwona bibi yake anafundisha darasani, atajua kwamba kulima ni kazi ya akili. Na tarehe 8 Agosti, Nane Nane inapofika, viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere viko hapa Morogoro, vinakutanisha mikoa ya Morogoro, Pwani, Dar es Salaam na Tanga. Wazazi tuchangie nauli ili watoto waende na daftari, waulize maswali, na wakirudi watusimulie.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine, hasa ninyi mliozaliwa kwenye milima hii, likizo ikifika pandeni nyumbani. Kaeni na kikundi cha kijiji chenu alasiri moja. Msiogope kuulizwa msichokijua. Mwambie mzee kwamba utarudi kumwuliza mwalimu wako, kisha urudi kweli na jibu. Nanyi mabwana shamba na mabibi shamba mnaopanda milima hiyo kwa pikipiki na kwa miguu, endeleeni. Tunajua kata ni kubwa na ninyi ni wachache. Wakulima wawezeshaji wa vikundi ni wasaidizi wenu. Waaminini, wapeni kazi.

Wafanyabiashara na madereva, msidhani wito huu unawapita. Ninyi mnaonana na wakulima wengi kuliko mtaalamu yeyote. Ukiona karafuu imepauka au nyanya imeoza kwenye tenga, mweleze mkulima kwa nini umepunguza bei. Hilo peke yake ni somo. Na kuhusu lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kiasi, sote tunajua ilivyo. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Tukikubaliana kununua kwa mizani, mkulima atajua faida ya mbegu bora na mbolea, nawe utapata mzigo wa uhakika. Mizani inafundisha hesabu bila chaki.

Nanyi ndugu zetu mnaoishi mjini Morogoro, na ninyi wa Kibaha na Dar es Salaam, mnauliza mnahusikaje? Fungua bomba. Maji ya mto Ruvu, yanayonywewa na sehemu kubwa ya Dar es Salaam, chimbuko lake ni hii milima. Mkulima wa juu akiachia udongo wake usombwe, mto unachafuka na kusafisha maji kunagharimu zaidi. Akiweka makingamaji, akipanda miti na majani ya mifugo kwenye kingo za matuta, mnakunywa salama.

Jambo hili lilishatambuliwa. Katika kata ya Kibungo Juu mashirika ya CARE na WWF yaliwahi kuendesha mpango ambao watumiaji wa maji wa bondeni, yaani shirika la maji safi la Dar es Salaam la wakati ule na kiwanda cha soda, waliwalipa wakulima wa juu waliotunza udongo. Lilikuwa fundisho zuri: anayekunywa na anayelima ni watu wa nyumba moja, ingawa hawajaonana.

Wewe mmoja mmoja wa mjini huna haja ya kusubiri mpango mkubwa. Unaponunua pale Soko Kuu la Chifu Kingalu, uliza mboga zimetoka wapi na zimelimwaje. Ukisikia kikundi kinauza karafuu iliyokaushwa vizuri, mdalasini, au mboga za kilimo hai, nunua kwao na uwaambie wenzako. Una taaluma ya uhasibu? Kikundi kimoja cha kijiji chenu kinahitaji mtu wa kukagua daftari mara moja kwa mwaka. Wewe ni muuguzi? Nenda ukaeleze habari za sumukuvu na dawa za kunyunyizia mboga. Fundi wa kushona? Turubai zilizochanika za kuanikia zinahitaji mkono wako. Kwenye vikao vya ukoo, vya harusi na vya misiba, tunachanga bila kuombwa mara mbili. Hatuwezi kuchangia pia karatasi, kalamu na mizani ya kikundi cha nyumbani kwetu?

Neno moja kwa wafugaji walio majirani zetu. Najua wakulima na wafugaji mkoani kwetu tumekuwa na vipindi vya kuumizana. Lakini mkulima anahitaji samadi, na ng'ombe anahitaji mabua baada ya mavuno. Kule Mgeta mbuzi wa maziwa wamefundisha hilo kimya kimya: mbuzi anakula majani ya kingo za matuta, samadi yake inarudi kwenye kabichi, maziwa yanakwenda kwa mtoto. Basi kikundi kikiandaa mafunzo ya malisho au mbolea, mwaliko ufike hata bomani. Watu waliokaa darasa moja hupata urahisi wa kuongea siku ya ugomvi.

Je, nimewatwika mengi? Mnisamehe, ndiyo kawaida ya mtu anayewapenda watu wake. Hakuna anayetakiwa kuyafanya yote. Chagua moja linalokufaa.

Na kama hujui uanze na lipi, nakuchagulia. Ulizia kijijini au mtaani kwako kikundi cha wakulima kinakutana lini. Siku hiyo ikifika nenda, na usiende peke yako: mchukue mtu mmoja wa nyumbani ambaye hajawahi kukanyaga shamba darasa, awe mke, mume, mama mkwe au kijana aliyemaliza kidato cha nne na bado anatafuta njia. Mkirudi, yeye ndiye awaeleze wengine. Wiki inayofuata achague wake wa kwenda naye.

Wakulima 22 walianza hivyo mwaka 1993, na matunda yake tunayaona Tawa na Nyandira. Sisi ni wengi zaidi, na tuna mahali pa kuanzia ambapo wao hawakuwa napo. Kikundi chako kinakutana siku gani?